Nembo ya Sh50,000 inakula saa ngapi? Faida ya dizaina kuandika muda wake

Mteja anatuma ujumbe WhatsApp: “Badilisha rangi kidogo tu.” Kesho yake anataka maandishi yawe makubwa. Keshokutwa anarudi kwenye rangi ile ile ya kwanza. Bei haijabadilika, lakini muda umekwenda.

Madizaina na wahariri wa video wanaojitegemea Mwananyamala, Tegeta, Tandika au Mbagala wanaijua hali hii. Wengi hupanga bei kwa kazi, si kwa saa, hivyo ni vigumu kujua kazi ipi inalipa na ipi inawamaliza.

Hesabu ikoje?

Chukulia nembo imekubaliwa kwa Sh50,000. Kuongea na mteja kumechukua saa moja, kuchora saa nne. Hapo ni Sh10,000 kwa saa. Marekebisho yakiongeza saa tano nyingine, kila saa inashuka hadi Sh5,000, na bado hujatoa bando na umeme wa LUKU.

Aanzie wapi?

Daftari linatosha: jina la mteja, kazi, muda wa kuanza na wa kumaliza. Anayependa simu atumie programu kama Clockify au Toggl Track, ambazo zina huduma ya bure. Anabonyeza akianza, anabonyeza akimaliza. Marekebisho yaandikwe peke yake, maana ndiko muda mwingi unakopotelea.

Angalizo: saa tatu asubuhi, simu huandika 09:00. Achague mfumo mmoja asije akachanganya, hasa kama mteja yuko nje ya nchi.

Akishajua?

Baada ya mwezi mmoja ana kumbukumbu mkononi. Kazi inayofuata anasema mapema, kabla ya kupokea kianzio: bei hii ina marekebisho mawili, la tatu linalipiwa.

Kwa wenye ofisi

Ofisi ya matangazo yenye vijana watatu nayo inahitaji kumbukumbu hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Zisipoandikwa, kijana aliyekesha akimalizia tangazo la mteja ataambiwa “tulisaidiana tu”, na hatakuwa na cha kuonesha.