Mzee Akikaa Baoni, Ubongo Unafanya Nini?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na nne zilizogawanywa mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Nyingine 22 anazo mkononi. Anayenamua huteremsha kete moja kwenye safu ya mbele, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo likiwa na kete, anazila. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kete zilizoliwa haziwekwi kando kama kwenye drafti. Zinaingia upande wa aliyezila, zinasambazwa moja moja kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, na ya mwisho ikidondokea penye kete nyingine mkono hausimami: atakula tena, au atazoa zote zilizomo na kusambaza upya, mpaka kete ya mwisho ilale kwenye shimo tupu.

Apitaye njia huona wazee wawili wanaosukuma jioni. Sogea karibu, umtazame yule mwenye zamu. Mkono umeshika kete moja, kidole gumba kinaisugua, wala hauendi popote. Macho ndiyo yanayocheza. Yanaanzia kichwani, yanapita safu ya mbele, yanarudi na safu ya nyuma, yanasimama, kisha yanaanza tena kwa upande wa pili. Nikila hapa napata nne. Nikizipeleka kushoto ya mwisho inaangukia penye tatu, zinakuwa nne, nazizoa, nazunguka nazo. Kila hatua anayoongeza, ubao alio nao akilini unazidi kutofautiana na ule ulio mbele yake, na huo wa akilini ndio anaotakiwa kuutunza bila kuugusa.

Kazi hiyo wanasayansi wa ubongo wanaiita kumbukumbu tendaji: kushika mambo kadhaa kwa sekunde chache huku ukiyageuzageuza. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Bao linaitesa sehemu hiyo kiasi kwamba mtafiti Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar kuchunguza akili zao zinafikia wapi katika hesabu hizo, akaandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 kuhusu jambo hilo hilo. Mabingwa wale hawakuwa wanafunzi wa hisabati. Walikuwa watu wa barazani.

Umri hauchukui uwezo wote kwa mkupuo. Kasi ya kufikiri huanza kushuka mapema, tangu ujanani, ingawa hakuna anayeigundua. Akiba ya maneno na maarifa huendelea kukua au kubaki palepale hadi miaka ya 60 na zaidi. Ndiyo maana kijana anaweza kumshinda mzee kwa wepesi wa mkono na bado akafungwa: mzee ameshaiona hali ile mara nyingi, haanzi kuhesabu upya.

Swali ambalo familia nyingi hujiuliza kimyakimya ni kama michezo hii inaukinga ubongo na demensia, ugonjwa wa kusahau. Ushahidi maarufu zaidi ulitoka Bronx, New York. Joe Verghese na wenzake waliwafuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa huo, wakiwauliza wanavyotumia muda wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: watu 124 waliishia kuugua. Waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Katika mazoezi yote ya mwili yaliyoorodheshwa, dansi peke yake ndiyo iliyojitokeza, na si vigumu kuona kwa nini: mchezaji anasikiliza mdundo, anakumbuka hatua na anamwangalia mwenziwe, vyote kwa pamoja.

Maelezo yaliyozoeleka ni ya akiba. Mwaka 1988 Robert Katzman na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo za wazee 137 waliofariki baada ya kuishi katika nyumba za kutunzia wazee. Kumi kati yao walikuwa na dalili za Alzheimer isiyo kali, aina mojawapo ya demensia, ndani ya ubongo, lakini walipokuwa hai akili zao zilifanya kazi vizuri kama za wenzao wazima, na bongo zao zilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Ugonjwa ulikuwepo, mwenye nao hakuonekana anaumwa. Dhana iliyojengwa juu ya ugunduzi huo ni kwamba elimu, kazi zinazofikirisha na burudani zenye ugumu huupa ubongo njia za ziada, na njia moja ikiharibika nyingine hutumika.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asite kidogo. Kujua kwamba wacheza michezo ya ubaoni hawaugui sana hakutuambii kwamba michezo hiyo ndiyo iliyowakinga. Inawezekana mambo yamekaa kinyume: ugonjwa huanza kuutafuna ubongo miaka mingi kabla ya dalili, na mtu aliyeanza kuchoka akili huacha mwenyewe michezo migumu. Watafiti wa Bronx waliliona tatizo hilo, wakawaondoa katika hesabu watu waliodhaniwa wameshaanza kuugua, na uhusiano ukabaki. Lakini mwaka 2020 ulitolewa uchambuzi wa watumishi wa serikali wa London, watu 8,280 wenye wastani wa miaka 56, waliofuatiliwa kwa miaka 18 hivi. Burudani walizokuwa nazo katika umri huo wa kati hazikutabiri nani angeugua. Kilichoonekana ni kwamba waliokuja kuugua walikuwa wakipunguza shughuli zao miaka kadhaa kabla ya kugunduliwa.

Nadhani matokeo hayo ya London yana manufaa zaidi nyumbani kuliko yale ya Bronx. Mzee aliyekuwa akiacha chai ipoe kwa ajili ya bao, sasa anatafuta visingizio vya kutokwenda. Mama aliyekuwa akishona foronya kila Ramadhani, sasa kitambaa kimekunjwa kabatini mwaka wa pili. Sisi husema ni uzee. Huenda ni taarifa.

Njia ya kuamua ugomvi wa kuku na yai ni kufanya jaribio, na Denise Park wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas alilifanya. Watu 221 wenye umri wa miaka 60 hadi 90 waligawanywa katika makundi. Baadhi walifundishwa kupiga na kuhariri picha kwa kompyuta, wengine kushona mablanketi ya vipande vya vitambaa, wengine vyote viwili, kwa wastani wa zaidi ya saa 15 kwa wiki, kwa miezi 3. Kundi jingine lilikutana kwa saa hizo hizo kupiga soga, kutembea na kupika pamoja, bila kujifunza ufundi wowote mpya. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2013, waliojifunza ndio waliopiga hatua katika kumbukumbu ya matukio, hasa wale wa picha. Soga peke yake haikutosha.

Mtazame sasa bibi anayesuka ukili. Ukindu umeanikwa, umechanwa, umetiwa rangi, na sasa yuko uani na ukanda unaorefuka magotini. Amesuka tangu utotoni, vidole vinapishana vyenyewe huku akimkaripia mtoto na kusikiliza taarifa ya habari. Kazi nzuri, ina kipato, inamtuliza, lakini kwa kigezo cha Dallas ubongo wake umeshaizoea. Mpe ua jipya aliloliona kwenye mkeka wa mtu mwingine. Redio itazimwa. Utasikia akihesabu kwa sauti ndogo, atafumua, atasuka, atafumua tena na kuuliza nani alikuja na ushenzi huu. Kukunja uso huko ndiko watafiti wanakokutafuta.

Lazima nitaje pia programu za simu zinazouzwa kwa ahadi ya kunoa akili. Mwaka 2016 kampuni inayomiliki Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza madai ya mamlaka ya biashara ya Marekani kwamba iliwahadaa wateja kuhusu uwezo wa michezo yake wa kuchelewesha upotevu wa kumbukumbu. Anayezicheza huwa hodari wa kuzicheza. Ustadi huo ni nadra kuhamia kwenye mambo mengine. Kwa fedha hiyo hiyo ya kifurushi, mzee anaweza kununua nyuzi.

Kukaa na watoto nako kumechunguzwa. Huko Baltimore, wazee walijitolea kuwasaidia watoto katika shule za msingi chini ya mradi uitwao Experience Corps. Baada ya miaka 2, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu na ambayo kwa kawaida husinyaa umri ukienda, ilikuwa imeongezeka kidogo kwa wanaume waliojitolea, ilhali kwa wenzao ambao hawakuwa katika mradi ilipungua. Na huko Melbourne, katika utafiti wa mwaka 2014 wa wanawake 186 wenye umri wa miaka 57 hadi 68, mabibi waliokaa na wajukuu siku moja kwa wiki ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Waliokaa nao siku 5 au zaidi walifanya vibaya zaidi katika kipimo kimojawapo, na walisema pia kwamba watoto wao wanawadai mengi. Sijui kama tunahitaji watu wa Melbourne watuambie. Bibi aliyeachiwa wajukuu watano kijijini, na pesa ya matumizi inayokuja siku ikijisikia, hana burudani pale. Ana ajira ya pili. Kumfundisha mjukuu bao la kujifunza Jumapili alasiri ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya kudhani kwamba mzee aliyeacha ushonaji ameanza kusahau, mtazame akitunga uzi. Lenzi ya jicho hukakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi vitu vya karibu vinaanza kufifia kwa kila mtu, mwenye elimu na asiye nayo. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2024 nchini Bangladesh, watu 824 wanaofanya kazi zinazohitaji macho ya karibu, wakiwemo washonaji, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miezi 8, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimezidi kile cha wenzao kwa takriban theluthi moja. Ikiwa miwani inarudisha kipato, itarudisha na kofia, na mkeka, na msahafu.

Masikio ni vivyo hivyo. Mzee asiyesikia utani wa barazani hucheka wenzake wakicheka, kwa siku kadhaa, kisha haji tena. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia yote duniani. Usikivu hafifu umo, uoni hafifu usiotibiwa umo, upweke umo, pamoja na shinikizo la damu na kisukari. Mtoto wa jicho, shinikizo na nta ya masikio vyote huangaliwa hospitali ya wilaya.

Macho na masikio yakiwa salama na bado mambo hayaendi, pana kipimo kilichotengenezwa hapa hapa Tanzania. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi wakakuta, baada ya kusawazisha umri, kwamba asilimia 6.4 wana demensia. Vipimo vya kigeni vilikuwa vikiwadhulumu wazee: unawezaje kumwambia mtu ambaye hakushika kalamu maisha yake yote anakili mchoro? Kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kikachapishwa mwaka 2014. Mzee anaulizwa daraja ni nini. Anaulizwa kiongozi wa eneo lake na siku ya leo. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno 10. Kisha anapewa njiti nne za kiberiti na kuombwa apange umbo alilopangiwa na mpimaji. Mikono iliyosuka, iliyolima, iliyonamua, haihitaji kujua kusoma ili kupanga njiti.

Wilayani humo humo ikajaribiwa tiba isiyo na kidonge. Watu 34 wenye demensia waliingizwa katika makundi madogo ya mazungumzo na shughuli: vikao 14, kwa wiki 7, kuhusu utoto, chakula, habari za siku, michezo ya namba na maneno, mfumo uliobuniwa Uingereza na kurekebishwa kufuata maisha ya Hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Hakuna aliyepona, maana ugonjwa huu bado hauna dawa ya kuuondoa. Lakini akili zao zilifanya vizuri zaidi kwenye vipimo, wasiwasi ulipungua, tabia za kusumbua zilipungua, na mzigo wa wanaowauguza nyumbani ulipungua kidogo pia. Vikao vya aina hiyo havimsubiri daktari bingwa. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuviendesha.