Ndizi Haikai Kwenye Boksi

Saa saba mchana, chini ya mti kule Katuruka, kila mmoja wetu alikabidhiwa boksi lake. Tulikuwa saba: wazungu watano waliostaafu kazi, mwalimu mmoja kutoka Dodoma, na mimi. Kampuni iliyotupokea bandarini sitaitaja, maana kosa lake ni kosa la karibu kila mtembeza wageni nchini.

Lanchi boksi. Aliyewahi kwenda Mikumi au Serengeti analijua kwa kichwa: paja la kuku wa kisasa lililokaangwa tangu jana, yai la kuchemsha, mkate wenye tango, keki ndani ya nailoni, juisi ya paketi na tunda. Tunda letu lilikuwa ndizi mbivu, moja, ndogo, imepondeka ubavu. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Tumelala melini usiku kucha kuja nchi ya migomba, tumepita migomba tangu asubuhi mpaka macho yamechoka kijani, na mchango mzima wa Bukoba katika mlo wetu ni kile kidole kimoja.

Hatua chache kutoka tulipokaa, bibi mmoja alikuwa kwenye kizingiti cha jiko lake akimenya ndizi mbichi. Kisu kilikwenda bila yeye kukitazama. Jicho lake lilikuwa kwetu. Hatimaye akamuuliza dereva jambo kwa Kihaya, dereva akacheka, akakataa kutafsiri, kisha akatafsiri: "Anauliza mnaumwa nini, mpaka mnakula chakula baridi mchana kweupe."

Swali hilo liliniuma zaidi kwa sababu ya mahali lilipoulizwa. Katuruka, karibu na Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, ndipo palipokuwa na makao ya Mfalme Rugomora Mahe, na ndipo mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, alipochimba miaka ya 1970 akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Saa nzima tulikuwa tumesimuliwa habari za tanuri, viriba na makaa. Halafu, penye historia yote hiyo ya moto, tukala kuku baridi.

Kumtetea mwongoza watalii wetu, boksi halikuletwa kwa dharau. Limeletwa na saa. Biashara ya kutembeza abiria wa meli, popote duniani, huongozwa na hofu moja: meli haimsubiri mtu. Kwenye bandari za bahari, abiria anashuka asubuhi, anatakiwa awe amerudi jioni, na chakula cha melini ameshakilipia ndani ya tiketi. Kwa hiyo anayemtembeza ana njia tatu tu. Amrudishe melini ale huko, ampeleke kwenye bufee ya hoteli ambako wali, tambi na kuku vinangoja kwenye masufuria ya mvuke, au ampe boksi. Bufee ina usalama wake na boksi lina wepesi wake. Lakini mgeni akirudi kwao hakumbuki hata moja.

Ajabu ni kwamba Bukoba haina haraka hiyo. Imeiazima tu. Meli yetu ni MV Victoria, ileile iliyoundwa Scotland, ikaletwa vipandevipande hadi Kisumu, ikaunganishwa na kuanza kazi mwaka 1961. Ilisimama kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa, na tangu 2020 inaelea tena ikiwa na "Hapa Kazi Tu" nyuma ya jina lake. Huondoka Mwanza usiku, hugusa Kemondo, hufika Bukoba asubuhi, kisha hulala gatini mchana kutwa hadi usiku iondoke tena. Abiria wa meli za kifahari za bahari wangezililia saa hizo. Sisi tunazo, na bado tunakula kama tunaokimbia mvua.

Nilimweleza bibi yule, kwa kupitia dereva, kwamba tungependa hata sisi kula ndizi, ila haziwezi kubebwa. Akakubali mara moja, na hapo ndipo nilipoelewa kiini cha jambo lote. Ndizi ya kupika haisafiri. Ikitoka jikoni ni laini, inakatika kwa ulimi. Ikipoa wanga wake unakaza, na baada ya saa mbili unatafuna gogo. Ukiipasha inakubali shingo upande. Wali unavumilia, chapati inavumilia, kuku wa kukaanga anavumilia mno. Ndiyo maana vimo kwenye boksi na ndizi haimo. Chakula cha Kagera hakimfuati mgeni, mgeni ndiye wa kukifuata mpaka kwenye mafiga.

Mwezi uliofuata nilirudi, safari hii kwa mpango wangu mwenyewe, na nikashuka Kemondo badala ya Bukoba mjini. Hilo ni jambo dogo ambalo watu wengi hawalifikirii. Kemondo iko kama kilomita 20 kusini mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Muleba, na meli inafika pale kwanza. Anayetaka Muleba hana sababu ya kupelekwa mjini halafu arudishwe njia ileile kwa hiasi. Ukitoka Kemondo unafika Muhutwe, na hapo barabara ya Kamachumu inapanda juu ya uwanda ule wa baridi ya kupendeza, halafu inateremka hadi Muleba.

Siku moja kabla nilikuwa nimempigia simu mama mmoja wa upande wa Kamachumu, shangazi wa rafiki yangu. Aliniuliza maswali mawili tu: mko wangapi, na mnakula ya maharage au ya njugumawe? Hakuuliza kama kuna asiyekula nyama, kwa kuwa sufuria yake haikuitegemea nyama tangu mwanzo. Kuhusu saa, yeye ndiye aliyeniambia. "Njooni saa nne, mwanangu. Mkija saa saba mtakuta nimeshapika, na nyie mtakuwa mmekuja kula tu."

Tulifika saa nne, watu wanne. Maharage yalikuwa motoni tangu alfajiri. Kwanza akatupeleka kibanjani, shamba lake la migomba, na kabla hatujaingia akalipitisha panga lake kwenye moto, upande huu na upande huu, kama mtu anayechoma sindano. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, Muleba ikawa miongoni mwa wilaya zilizopigwa mapema, na ugonjwa ule husafiri kwa kisu kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikakata mzima. Ua dume, lile zambarau linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, halikatwi kwa kisu tena. Linavunjwa kwa mti wenye panda. Alituonyesha kona ya kibanja ambako aling'oa migomba ya mama mkwe wake, akaichoma na kuifukia, na akawa haongei kwa muda.

Halafu tukamenya. Ndizi mbichi ina utomvu unaoganda mikononi na kugeuka mweusi, na sabuni peke yake haiutoi. Yeye alitupaka mafuta kwanza. Mwenzetu mmoja, mwanasheria wa Arusha, alimenya ndizi tatu wakati mama amemaliza kichana kizima, na zile tatu zilikuwa na kona kama penseli iliyochongwa na mtoto. Zilipikwa zote. Maharage yakiwa yameiva, ndizi zinapangwa juu yake nzimanzima, kitunguu, chumvi, mafuta kidogo, kisha majani ya mgomba yanafunika kila kitu na mfuniko unakaa juu ya majani. Waganda wanaziponda zikawa kama uji mzito wa manjano, Mhaya anataka aione ndizi yake ikiwa ndizi. Ugomvi huo wa jirani na jirani ni mzuri kuusikiliza huku sufuria inachemka.

Na wakati inachemka, ndiyo safari yenyewe. Hiyo ndiyo hoja yangu kwa wanaopanga ratiba. Wanaweka chakula katikati ya vivutio kama kituo cha kujaza mafuta, wakati hapa saa tatu za jikoni zina mambo kuliko makumbusho. Tulilazimika kusubiri, basi tukaletewa kikapu kidogo chenye akamwani, kahawa ya kutafuna: matunda ya robusta yaliyochemshwa na majani ya kuleta harufu, yakaanikwa. Mgeni hupewa hiyo kabla ya maneno mengi. Zamani wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana tunda moja la kahawa, kila mmoja nusu yake, ikiwa na tone la damu ya mwenzake. Mzungu anayekunywa Africafe hotelini, kahawa inayotoka kiwanda cha TANICA hapohapo Bukoba, hana njia ya kuyajua haya. Huwezi kuyaandika kwenye kopo.

Tulikula saa saba kasoro, juu ya majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni ili yalainike. Sitasimulia utamu. Mwanasheria alinyamaza dakika ishirini, na wanaomfahamu watapima wenyewe.

Ziwani nako kuna mlo unaostahili ratiba yake. Mkabala na mji kiko kisiwa cha Musira, kijiji cha wavuvi chini ya mwamba, na sato aliyetoka majini asubuhi akakaangwa pale mbele yako hahitaji bufee. Sangara ni habari nyingine: aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawatafuna samaki wadogo waitwao furu, akageuka bidhaa ya kusafirishwa. Mtalii wa Uhispania au Italia huenda ameshamla kwao, minofu myeupe isiyo na jina la ziwa, asijue kwamba kichwa na mgongo vilibaki huku vikaitwa mapanki.

Na senene, panzi wa kuliwa. Zikianguka, hasa wakati wa mvua za Novemba, Bukoba haina mazungumzo mengine. Zinanyofolewa mabawa na miguu, zinakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Zamani wanawake walizikamata na kuzikaanga lakini mwiko uliwazuia kuzila; siku hizi mwiko huo umekufa, na waliouua hawajutii. Ila mwongoza watalii aulize kwanza: mwenye mzio wa kamba na kaa anaweza kudhurika na senene pia. Rubisi, pombe ya ndizi, aichukulie hivyohivyo. Kionjo kidogo baada ya kula ni heshima kwa mwenye nyumba, kibuyu kizima kabla ya barabara ya Kamachumu ni suala la dereva.

Najua watakaosema haya ni mambo ya watu wanne, si ya kundi. Wanayo haki. MV Victoria inabeba abiria 1,200, na MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imejengwa kwa idadi hiyohiyo. Hakuna mama wa kuwamenyea ndizi watu hao. Lakini si wote ni watalii, na Zanzibar ilishatuonyesha njia: mgeni anayezungushwa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, akishamaliza kunusa mdalasini, huketi mkekani akala pilau iliyopikwa na watu wa hapohapo. Kundi kubwa linaweza kugawanywa nyumba kwa nyumba. Mdalasini alioushika asubuhi anaukuta sahanini mchana, na fedha ya chakula inabaki kijijini.

Fedha ndiyo wasemaji wa utalii wanayoizungukia. Boksi linapikwa kwenye jiko la hoteli, kuku ni wa kisasa, juisi ya kiwandani, keki ya dukani. Mgeni akila hilo mbele ya nyumba ya bibi wa Katuruka, bibi anaachiwa nini? Maboksi matupu. Kwa hakika tulimwachia saba, na aliyakusanya kwa uangalifu akasema yatamfaa kuwashia moto.

Shangazi wa Kamachumu nilimlipa, tukabishana kidogo kama inavyopasa, akapokea. Jioni ilipokaribia nikamwomba anifungie ndizi zilizobaki niende nazo. Akanitazama kama nimemtukana. Alichofanya ni kutuongezea tena, jua likiwa bado juu, tukala mara ya pili bila njaa yoyote, yeye amesimama. Nilidhani ni ukarimu tu. Baadaye, tukishuka kuelekea Kemondo, rafiki yangu akaniambia kwamba shangazi hamruhusu mtu kupanda meli bila kumshibisha. Mei 1996 alimsindikiza mdogo wake mpaka gati ileile ya Kemondo, jioni ile walikuwa na haraka, na mdogo mtu akapanda MV Bukoba, meli iliyozama safari hiyo, hajala.

Kilichobebeka alinipa: mkono mmoja wa akamwani ndani ya kipande cha jani kikavu. Meli iliondoka Kemondo usiku. Nilikaa sitahani nikitafuna moja baada ya nyingine, chungu, kisha tamu kwa mbali, na sikupata usingizi hata wa kuazima mpaka taa za Mwanza zilipoanza kuonekana.