Kuganda: Kitenzi Kimoja na Mzozo wa Fizikia

Wanaoshughulikia uundaji wa istilahi za sayansi aghalabu huelekeza juhudi zao kwenye nomino, huku vitenzi vya kawaida vikiachwa kana kwamba maana zake ni wazi. Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa kitenzi kimoja cha kila siku, yaani kuganda, kimebeba ndani yake swali ambalo wanafizikia wamelijadili tangu mwaka 1969 bila kuafikiana.

Tuanze na matumizi. Katika mji wa Matuu, kando ya barabara iendayo Garissa kutoka Thika, msemaji wa Kiswahili atasema kwamba maziwa yameganda, damu imeganda, mafuta yameganda kwa baridi ya alfajiri, na maji yameganda katika friji. Mwalimu wa jiografia naye atawaambia wanafunzi kwamba Uwanda wa Yatta ni lava iliyotiririka kama mto, ikaganda mamilioni ya miaka iliyopita. Uwanda huo una urefu wa kilomita zipatazo 300, kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk hadi Tsavo. Katika mifano yote hii dhana ya msingi ni moja: kitu kilichokuwa kikienda hakiendi tena. Lakini kitenzi hakielezi ni lini hasa hali hiyo hutimia. Lava huanza kuganda juu, nalo ganda lile huhifadhi joto la ndani, hata kiini kikaendelea kutiririka. Je, lava hiyo imeganda au haijaganda?

Swali hili laweza kuonekana la kimaneno tu. Kisa cha Erasto Mpemba chaonyesha sivyo. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, Mpemba alitia maziwa ya moto katika friji ili kutengeneza aiskrimu, naye mwenzake akatia ya kwake ambayo hayakuchemshwa. Maziwa ya Mpemba yakaganda kwanza. Mwalimu wake alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi walicheka, Osborne hakulipuuza swali, bali alilipeleka maabara.

Matokeo waliyachapisha pamoja mwaka 1969. Walitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika kila chombo, wakapima muda uliopita hadi maji yalipoanza kuganda. Maji yaliyoanzia nyuzi 25 ndiyo yaliyokawia kuliko yote. Yaliyoanzia karibu na nyuzi 90 yalitangulia sana. Waligundua pia kwamba joto lilipotea zaidi kupitia uso wa maji, kwani utando wa mafuta uliotandazwa juu ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa.

Hapo ndipo mwendo wa viowevu unapoingia. Maji ya moto hupanda na yaliyopoa hushuka, na msafara huo huufanya uso uendelee kuwa na joto na kulipoteza upesi. Msafara wa namna hii waweza hata kujipanga wenyewe: mwaka 1900 Mfaransa Henri Bénard alieleza jinsi tabaka jembamba la kiowevu, likipashwa joto kutoka chini, linavyojigawa katika vyumba vya pembe sita, kama sega ambalo mfuga nyuki wa Ukambani hahitaji kuelezwa.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wataalamu wa mwendo wa viowevu nchini Uingereza, walilirudia jambo hili, wasipate ushahidi wa kutosha kulithibitisha. Walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kuleta matokeo ya uongo. Lakini msomaji wa lugha na aangalie: wao walipima muda wa maji kufikia nyuzi sifuri. Osborne alipima mwanzo wa barafu. Mpemba alitazama aiskrimu iliyoshikamana. Hayo ni mambo matatu, na kila moja laweza kuitwa kuganda.

Kwa hiyo hakuna haja ya kubuni mzizi mpya. Kiswahili kina nyenzo za kutosha: kupoa hadi sifuri, kuanza kuganda, na kuganda kote. Lililopungua ni mapatano ya kuziweka nyenzo hizo katika mipaka, na kamusi za istilahi zingefaa kuonyesha vitenzi kwa hatua zake, si kwa kisawe kimoja tu. Hata jina la tukio lahitaji uangalifu, maana athari ya Mpemba yaweza kudhaniwa ni ya mtu wa Pemba.

Mwanafunzi wa Matuu husoma fizikia kwa Kiingereza, ilhali kuganda amekujua tangu utotoni, jikoni. Akiuliza, kama alivyouliza Mpemba, kipi huganda kwanza, jibu la haki si kicheko wala ndiyo wala la. Jibu la haki ni kumwuliza: kuganda kupi?