BAISKELI YA DILIVARI IMEHARIBIKA: UTENGENEZE AU UNUNUE NYINGINE?

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni na kupeleka mizigo mwenyewe kwa baiskeli ya gia, ile ya bei nafuu ya ringi 26. Siku ikikatika, watu hukosea pande mbili. Mmoja anatengeneza kila wiki mpaka hela ya spea inazidi bei ya baiskeli. Mwingine anachota mtaji wa bidhaa anunue nyingine, wakati kilichovunjika ni kitu cha bei ndogo tu. Kabla hujatoa shilingi, pita hatua hizi.

1. ANZA NA FREMU, SIYO KILICHOVUNJIKA

Fremu ndiyo baiskeli yenyewe, vingine vyote vinabadilishwa. Ifute vumbi vizuri, uangalie kwenye maungio: chini pale pedali zinapopita, mbele pale usukani unapoingia, na chini ya siti. Unatafuta mstari mwembamba, rangi iliyopasuka, au kutu iliyojipanga kama uzi. Hiyo ni dalili ya ufa.

Ukikuta ufa, chukua sumaku. Ikinata, fremu ni ya chuma, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Isiponata, mara nyingi ni aluminiamu. Hiyo usiichomelee mtaani. Joto linapunguza nguvu ya aluminiamu pembeni ya pale palipochomelewa, na itapasuka tena ukiwa na mzigo. Hapo jibu ni kununua.

Uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ukiwa na ufa au umepinda, usichomelee wala usinyooshe hata kama ni wa chuma. Ukikatika unaanguka kwa uso, na gari liko nyuma yako. Badilisha uma mzima.

2. UHARIBIFU UNAOTISHA LAKINI NI MDOGO

Gurudumu la nyuma linayumba na kugusa breki? Mara nyingi ni ekseli iliyopinda au kukatika, au spoki zimelegea. Baiskeli hizi za bei nafuu, upande wa gia ekseli inatokeza mbali bila kushikwa na goroli, kwa hiyo katoni nzito inaikunja. Inabadilishwa bila kugusa gurudumu lote.

Gia hazikai, cheni inaruka? Kabla ya kununua gia mpya, simama nyuma ya baiskeli uangalie kile kipande kinachoshika mkono wa gia ya nyuma. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, hicho hupinda. Kwenye fremu ya chuma fundi anakinyoosha taratibu.

Waya za breki, mpira wa breki, tyubu, pedali: hivyo ni matumizi ya kawaida kama bando la simu. Visikufanye uwaze baiskeli mpya.

3. UHARIBIFU UNAOKUJA NA WENZAKE

Hapa ndipo hela zinapopotelea. Cheni ikichakaa inakula meno ya gia. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyolika, itaruka, utarudi kwa fundi kesho.

Pima mwenyewe kwa rula ya inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, hesabu pini 24 zinazofuata. Cheni mpya, pini ya 24 inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni mapema uokoe meno. Ikizidi kwa moja ya nane, jiandae kununua cheni na meno ya nyuma pamoja.

Ringi nayo. Kama breki zako ni za mpira unaobana ringi, pitisha kidole pale unapobana. Pakiwa pamebonyea kama kijiko, ukuta umeisha, na unaweza kupasuka tairi likiwa na upepo.

4. PIGA HESABU YA YOTE

Usimuulize fundi "hii shilingi ngapi?" Mwambie: "Fundi, niandikie kila kitu kinachohitajika ili nibebe mzigo bila kurudi hapa karibuni." Hiyo orodha ndiyo bei halisi. Kisha linganisha.

Tuseme (weka namba za kwenu):
- Spea na ufundi: 45,000
- Siku moja bila baiskeli, mizigo 6 kwa boda ya 2,000: 12,000
- Jumla ya kutengeneza: 57,000

Kununua:
- Baiskeli used iliyo imara: 160,000
- Toa utakachopata ukiuza ya zamani kama spea: 30,000
- Jumla ya kununua: 130,000

Kanuni yangu ni nusu. Nusu ya 130,000 ni 65,000. Kutengeneza kuko chini ya hapo, basi tengeneza. Ikivuka nusu, anza kutafuta nyingine, kwa sababu baiskeli ya zamani bado ina vitu vingine vinavyosubiri zamu ya kuharibika.

Lakini kama hiyo 130,000 ndiyo hela ya mzigo wa wiki ijayo, na fremu, uma na breki ni salama, tengeneza vinavyohitajika uendelee kuuza. Baiskeli mpya mlangoni na stoo tupu haikulipi. Ila usalama hauna mjadala: ufa kwenye uma au breki zisizoshika, paki, tumia boda mpaka upate hela.

5. UKINUNUA, NUNUA YA KAZI

Kwa mizigo, achana na yenye springi ya nyuma. Ni nzito, maungio yake yanalegea, na keria haikai vizuri. Chagua fremu ya chuma isiyo na springi nyuma. Njia zenu zikiwa tambarare, hata isiyo na gia inatosha, ina vitu vichache vya kuharibika.

Kabla ya kulipa, zungusha magurudumu, tikisa pedali pembeni, bana breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma usikie kama usukani unagonga. Igeuze juu chini: namba ya fremu mara nyingi imegongwa chini ya pedali. Iandike kwenye karatasi ya mauziano na muuzaji asaini. Iliyofutwa namba, iache hapo hapo.

Na ile ya zamani ukiiposti kuuza, sema ukweli: "Fremu ina ufa, nauza kwa spea." Piga picha ya huo ufa. Mnunuzi akianguka na baiskeli uliyomficha, hutauza tena kitu kwenye mtaa huo, na inakustahili.

Wewe baiskeli yako imekwama kwa tatizo gani? Andika hapo chini pamoja na bei uliyoambiwa na fundi, tupige hesabu pamoja. Mtumie na mwenzako anayesambaza mizigo kwa pedali.