Kopo la Maneno: Dawa ya Karatasi Tupu

Mwanafunzi mwenzangu, hakuna kinachotisha kama karatasi tupu. Mwalimu amesema, "Andikeni insha," saa inakimbia, na kichwani hamna kitu. Hapo wengi wetu hukimbilia insha ya kukariri: jogoo akawika, jua likachomoza, mhusika akaruka kitandani. Masikini msahihishaji, jogoo huyo ameshamsikia mara elfu! Leo nataka kueleza njia tunayoitumia chamani, ya kuokota maneno kwa bahati nasibu na kuyafuata yanakotupeleka.

Jinsi yenyewe ni hii. Kata vikaratasi kama 50. Kwenye kila kimoja andika jina la kitu cha mtaani: mkokoteni, mtungi, kengele, barua, makaa, ngazi, kiatu cha mtumba. Vitie ndani ya kopo, tikisa, toa viwili bila kuchungulia. Kisha andika kwa dakika 10 bila kusimama na bila kufuta.

Kwa nini maneno mawili? Gianni Rodari, mwandishi wa hadithi za watoto huko Italia, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1973. Neno moja halitoshi; ni lazima likutane na neno lisilo jamaa yake. Mfano wake ni mbwa na kabati. Mbwa peke yake atabweka tu. Lakini mbwa ndani ya kabati, je? Nani kamfungia? Tayari kisa kimeanza.

Mimi niliokota mtungi na barua. Mtungi wa barua. Mtungi bila barua. Barua ndani ya mtungi. Hii ya tatu ilinishika. Nikamwona nyanya mmoja wa Kaloleni akificha barua ya kumfukuza nyumbani ndani ya mtungi uliokauka, kwa maana maji hayajatoka wiki nzima na anajua hakuna atakayeugusa. Usiku maji yakatoka, na mjukuu wake akaamka mbio kwenda kukinga. Sikuwa nimepanga kuandika habari za kodi. Barua kama hizo mtaani tunazijua, lakini katika insha za kukariri hazimo kamwe; humo kila mtu anaishi katika jumba la kifahari.

Kasi nayo ina kazi yake. Mwaka 1919, jijini Paris, André Breton na Philippe Soupault walijaribu kuandika haraka mno ili akili ya kukosoa isipate nafasi ya kuingilia. Sisi pia tunaye mkosoaji wetu ndani, yule anayenong'ona, "Wacha hiyo, watakucheka." Mwambie angoje nje. Dakika 10 zikiisha, mkaribishe aje na kalamu nyekundu.

Ukikosa kopo, tazama kando yako. Leso ya mama ina jina lake: jiulize nani alimnunulia nani, na ni jirani yupi aliyekusudiwa. Soma maandishi ya nyuma ya matatu. Sikiliza makanga na abiria wakibishania nauli Barabara ya Jogoo. Huyo ndiye jogoo pekee ninayemruhusu katika insha!

Kuna watakaouliza, "Mchezo huu utanisaidia nini KCSE?" Itazame karatasi ya kwanza. Una saa 1 na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja alama 20. Ya kwanza ni ya lazima. Katika zile nyingine, mara nyingi utakuta methali, au maneno ya kuanzia ama kumalizia kisa. Hicho ni nini kama si kikaratasi kilichotolewa koponi na mtu mwingine? Aliyezoea kuokota neno geni na kulihoji hatatetemeka. Aliyekariri atamburuta jogoo wake hadi kwenye methali isiyomhusu.

Hata hivyo, kopo halikupi insha. Linakupa mlango tu. Soma ulichoandika, pigia mstari sentensi moja iliyo hai, kisha panga aya zako kama walimu wetu wanavyotufundisha.

Kwa hayo machache, nawaalika nyote chamani. Kopo letu limo kabatini, na hakuna mbwa ndani. Kila atakayekuja alete vikaratasi viwili, kwani haba na haba hujaza kopo.