Sanduku la Barua la Torvald Helmer

Aghalabu mtazamaji wa tamthilia hudhani kwamba ugomvi wa mume na mke huanza pale sauti zinapopanda. Lakini mtunzi hodari huwa amekwisha kuutangaza zamani, kwa vyombo na mapambo ya nyumba ambayo wahusika wenyewe huyashika na kuyatumia pasipo kujua kwamba yanawafichulia siri. Mfano ulio dhahiri ni tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway, Nyumba ya Mwanasesere, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini Copenhagen mwezi wa Desemba 1879.

Nora anaingia sebuleni wakati wa Krismasi, mikono imejaa vifurushi, na mara anatoa mfukoni biskuti za lozi, anatafuna, kisha anafuta mdomo kwa haraka. Mumewe, Torvald Helmer, amempiga marufuku vitamu hivyo kwa kuchelea meno yake yasiharibike. Naye anapoulizwa kama amepitia dukani kuvinunua, anakana. Ni uongo mdogo, na hadhira hucheka; ila katika kicheko hicho imekwisha kupewa habari yote, kwamba hapa yupo mume ampimiaye mkewe hata atiacho kinywani, na mke aliyezoea kuupata uhuru wake kwa wizi. Ndiyo maana hatustaajabu tusikiapo baadaye kwamba aliwahi kukopa fedha kwa siri ili ampeleke mumewe Italia kutafuta afya, tena kwa kughushi sahihi ya baba yake, maana sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kukopa pasipo idhini ya mumewe.

Hata hivyo, kwangu mimi ishara iliyo kuu si biskuti, wala si ule mti wa Krismasi ambao tendo la pili linatuonyesha umesimama pembeni, umevuliwa mapambo na mishumaa yake imeteketea (huo kila mwalimu huutaja, nami namwachia). Ishara kuu ni sanduku la barua. Lipo ukumbini, lina kioo, na ufunguo wake anao Torvald peke yake. Krogstad, aliyemkopesha Nora, anapotia humo barua ya kufichua yote, Nora anaiona kwa macho yake lakini hawezi kuigusa. Mtunzi hakuwa na haja ya kumtungia hotuba juu ya hali ya mke katika nyumba ile. Ndipo Nora anapokimbilia kucheza tarantela, ngoma ya Waitalia, madhumuni yake ni kumzuia mumewe asilifikie sanduku. Nywele zinamfumuka na kumwangukia mabegani, na Torvald, akishangaa kuwa mkewe anacheza kana kwamba uhai wake umo ngomani, hajui kuwa amesema kweli tupu.

Katika tendo la tatu Torvald anakwenda kufungua, akakuta kipande cha pini ya nywele kimevunjikia kufulini. Nora anawasingizia watoto. Sijaona katika tamthilia nzima kitu kidogo kilichobeba mzigo mkubwa kuliko hicho: pambo la mwanamke limegeuzwa kuwa zana ya kuvunjia kufuli ya mumewe, nalo limeshindwa kazi.

Barua inapokwisha kusomwa, na Torvald kujionyesha kuwa anachelea jina lake kuliko mkewe, ishara zinapungua na maneno yanashika nafasi yake. Nora anavua vazi la ngoma, anavaa nguo za kila siku, kisha mke na mume wanakaa mezani kuzungumza kwa dhati, jambo lisilopata kutokea katika miaka minane ya ndoa yao. Pete zinarudishwa, funguo za nyumba anaziacha, anatoka.

Mwaka 1880, mwigizaji mmoja mashuhuri wa Ujerumani alikataa kumwigiza mama anayewaacha watoto wake, na Ibsen, kwa kuchelea wengine wasije wakaiharibu kazi yake zaidi, akauandika yeye mwenyewe mwisho mwingine, ambamo Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto, akaishiwa na nguvu na kubaki. Mtunzi mwenyewe aliuchukia mwisho huo, nami naona hoja ya kuukataa imo ndani ya tamthilia yenyewe: biskuti, kioo na pini vilibaki kama vilivyokuwa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimemwandaa mtazamaji kwa Nora wa kubaki.