Akili Unde: Mpe Kila Msaidizi Kazi Yake

Kikundi kinachotengeneza unga wa ndizi Nyamira au vinyago vya mawe ya sabuni Tabaka kinaweza kupata hasara kikitengeneza bidhaa kwanza na kumtafuta mnunuzi baadaye. Kampuni kubwa hupunguza hatari hiyo kwa kuajiri watafiti, wabunifu na wahasibu. Kikundi kidogo hakimudu mishahara hiyo, lakini programu za akili unde kama ChatGPT, Gemini na Claude, zinazotumika hata kwa simu, zinaweza kusaidia.

Usiiombe programu ikusaidie "na biashara" kwa jumla. Ipe jukumu moja na taarifa za kweli. Programu ni ile ile. Kinachobadilika ni maagizo. Fungua mazungumzo mapya kwa kila jukumu, ili mkosoaji asifuate mawazo ya mbunifu.

Majukumu manne yanatosha kuanza:

1. Mtafiti: huandaa maswali ya kuwauliza wateja, kisha hupanga majibu mliyokusanya.
2. Mbunifu: hupendekeza ukubwa, umbo na ufungashaji kulingana na majibu hayo.
3. Mhasibu: hujumlisha gharama za malighafi, kazi na usafiri. Rudieni hesabu kwa kikokotoo.
4. Mkosoaji: hutafuta kasoro pekee.

Mfano wa maagizo kwa mkosoaji: "Wewe ni mnunuzi wa duka la zawadi jijini Nairobi. Taja sababu tano za kukataa kinyago hiki, ukizingatia bei, uzito na uwezekano wa kuvunjika njiani. Usinisifu."

Kumbukeni kwamba mnunuzi huyo ni wa kuigiza. Programu inaweza kutoa bei au sheria isiyokuwepo, tena kwa lugha ya kujiamini. Kabla ya kutumia pesa za kikundi, pelekeni sampuli chache kwa wanunuzi halisi, kwa mfano katika soko la Daraja Mbili au Keroka. Uamuzi ubaki kwa wanachama.

Yazingatieni pia haya:

• Msiweke majina, nambari za simu au za vitambulisho vya wateja kwenye programu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa hizo.

• Muundo mpya wa bidhaa unaweza kusajiliwa na taasisi ya serikali ya KIPI kwa miaka 5, na usajili kuongezwa mara mbili hadi miaka 15. Sharti uwe mpya, hivyo msiusambaze kabla ya kutuma ombi.

• Unga unaofungashwa kwa kuuzwa unahitaji alama ya ubora ya KEBS. Thibitisheni masharti kwa KEBS yenyewe, si kwa programu.

Anzeni na bidhaa moja na jukumu la mkosoaji. Kasoro inayogunduliwa kwenye karatasi ni nafuu kuliko inayogunduliwa mzigo ukiwa umeshafika sokoni.